Pimeni kabla hamjalipua: barua ya wazi kwa wakubwa wa Los Angeles na wa ATF

Kwa Meya wa Jiji la Los Angeles, kwa madiwani wake, kwa Mkuu wa Polisi wa LAPD, na kwa mkurugenzi wa ATF kule Washington, idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia silaha na vilipuzi. Salaam kwenu nyote.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, kazi yangu fundi umeme, nipo California mwaka wa kumi na nne sasa, na Jumamosi zangu nyingi naishia jangwani narusha roketi. Sisemi zile fataki za kuwasha na kukimbia, nasema roketi yenyewe, ndefu kumzidi mtoto wa darasa la tano, ina mota, ina parachuti, ina kompyuta ndogo tumboni inayojua imefika juu kiasi gani na saa ngapi ifungue parachuti. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndo lugha ninayoweza kusema nayo jambo mpaka mwisho wake, na kwa sababu Waswahili wenzangu walioko huku na walioko nyumbani nataka waisome hii, maana wengi wetu tukisikia Marekani tunajua kila kitu kule kinaenda kwa vipimo. Nyinyi wakalimani mnao.

Jambo langu ni moja, mizani. Nawauliza kwa nini mimi mwananchi nalazimishwa kupima gramu, na nyinyi mlioshika sheria mwaka 2021 mkakadiria paundi za fataki kwa macho, mkazilipua katikati ya mtaa wa watu wa Los Angeles.

Niwaonyeshe kwanza meza yangu ya jikoni. Ijumaa usiku vyombo vikishatolewa natandika gazeti, naleta ile mizani ndogo tunayopimia unga na sukari, halafu naweka roketi juu yake kipande kimoja kimoja. Mwili. Pua. Parachuti na kamba zake. Mota inapimwa peke yake. Kila namba anaiandika mwanangu wa miaka 11 kwenye daftari lake la mistari, yeye ndo karani wangu, na akiandika gramu bila nukta namrudisha afute. Tukimaliza tunaifunga roketi yote tunaitafutia pale inapolala sawa juu ya kidole kimoja bila kuinama mbele wala nyuma, tunapiga alama kwa kalamu nyekundu, kwa sababu hiyo sehemu ikikaa vibaya na mapezi ya nyuma roketi haiendi juu tena, inageuka inatafuta watu. Siku moja akaniuliza, baba sasa tukikosea gramu kumi si itaruka tu? Nikamwambia itaruka, ila sisi tutakuwa hatujui tena inaendaje, na hapo tutakuwa tunacheza na watu wengine walioko pale bila kuwaambia.

Kesho yake alfajiri tunaendesha mpaka Lucerne, ziwa lililokauka zamani, udongo mweupe umepasukapasuka kama ukoko wa ugali, na pale kuna meza ya ukaguzi. Anakaa mzee mmoja mstaafu, kofia ya majani, miwani imefungwa kwa uzi. Anashika pezi analitikisa. Anauliza uzito, unamtajia, naye anaangalia karatasi yako kama inasema hivyohivyo. Anauliza mota gani, anaiangalia namba yake, anakwambia watu wakae umbali gani. Herufi ya mota ndo nguvu yake, ikisogea mbele kwenye alfabeti nguvu inaongezeka. Kwa mota za herufi H mpaka J watu wanakaa futi 100, K futi 200, L futi 300, ukifika M ni futi 500, na hizo namba hazibembelezeki, hata uwe na haraka gani, hata jua liwe linazama. Mwaka juzi alinirudisha. Gundi ya pezi moja ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, mi sikuuona, yeye kaupapasa kwa kucha kaupata. Nilikuwa nimeendesha zaidi ya saa mbili na mtoto amekaa nyuma kashika pua ya roketi kama kashika yai. Mzee akasema leo hapana. Tukakaa kwenye kivuli cha gari tukaangalia za wenzetu, tukarudi nyumbani. Hakuna aliyemwita mzee mnoko. Ile ndo kazi yake na siku zote nitamheshimu kwa hilo.

Na kabla hujafika kwenye ile meza kuna madaraja. La kwanza mota za H na I, la pili J, K na L na hapo unakaa mtihani wa kuandika, la tatu M kwenda juu na hapo unajenga roketi huku watu wazoefu wanakufuatilia hatua kwa hatua. Juu ya hayo California ina leseni yake kutoka kwa mkuu wa zimamoto wa jimbo. Anga nayo inaombewa ruhusa kwa idara ya serikali inayosimamia ndege. Nayasema haya yote bila kulalamika, jamani, naomba mnielewe. Mi ni fundi umeme, najua waya uliokaa vibaya unafanya nini nyumba ikilala. Sheria inayopima naipenda.

Sasa twende mtaa wa 27.

Tarehe 30 Juni 2021, siku nne kabla ya sikukuu yao ya uhuru, polisi wa LAPD walipewa taarifa wakaenda nyumba moja ya East 27th Street, kusini mwa Los Angeles, wakakuta uani kwenye nyumba ya watu maboksi na maboksi ya fataki, kama paundi 32,000, yaani tani 14 na nusu, zimenunuliwa Nevada kuletwa kuuzwa. Los Angeles fataki za aina yoyote ni marufuku, hata zile ndogo ambazo miji mingine ya California inaziruhusu. Kwa hiyo yule jamaa alikuwa amekosea na tena amekosea vibaya, tani 14 za fataki ukuta kwa ukuta na vyumba wanavyolala watoto wa jirani, hilo mi simtetei hata neno moja, na mahakama ya shirikisho ilimfunga miezi 5. Polisi kuingia pale walikuwa na haki na walifanya la maana kuingia.

Mle ndani, pamoja na fataki za dukani, kulikuwa na za kutengenezwa kwa mkono, zaidi ya 200, baadhi kubwa kama kopo la soda. Zile kikosi cha mabomu kikaona ni hatari kuzisafirisha, kikaamua kuzilipulia palepale mtaani, ndani ya lori maalumu lenye chombo cha chuma kinene kilichotengenezwa kumeza mlipuko. Chombo kile kina kipimo chake. Mwisho wake paundi 25, na kama unataka kiendelee kutumika siku nyingine unatakiwa usivuke 15. Ni kama breka ya umeme ukutani kwako, imeandikwa kabisa inabeba kiasi gani, ukiizidishia unajua kinachofuata.

Wakakadiria kwamba mzigo wote mle ndani ni paundi 16.5. Wakakadiria kwa macho na kwa mkono. Mizani haikuletwa.

Uchunguzi wa ATF baadaye ukakuta ilikuwa zaidi ya paundi 42.

Narudia kwa kilo kwa wasomaji wa nyumbani: walidhani kilo saba na nusu, ilikuwa kilo kumi na tisa, na chuma kinabeba kilo kumi na moja. Saa moja na nusu jioni, jua bado halijazama kwa sababu ni Juni, wakabonyeza. Video mnayo, dunia nzima inayo. Lile lori lililotengenezwa kumeza mlipuko likapasuka lenyewe, vyuma vizito vikaruka juu ya mapaa, na moshi ukafunika mtaa. Watu 17 waliumia, 10 kati yao ni maafisa, 9 wa LAPD na mmoja wa ATF, na 7 ni wakazi. Nyumba 22 ziliharibika, biashara 13, magari 37. Watu kama 80 walitolewa makwao, wakawekwa hotelini, na wapo waliokaa hotelini zaidi ya mwaka mzima. Wazee wawili wa mtaa ule walifariki katika miezi iliyofuata, baada ya kuhamishwa, na majirani zao mpaka leo wakihesabu waliopotea mtaani wanawahesabu na wao.

Nilienda pale mwenyewe, miezi kadhaa baada ya tukio, nilikuwa na kazi ya umeme upande ule nikapita kwa makusudi. Sikuongea na mtu sana, nilisimama tu. Madirisha yamezibwa kwa mbao, na kwenye mbao moja mtoto alikuwa amechora dirisha kwa chaki, na pazia, na ua kwenye chungu. Mi mtu wa kuangalia nyaya, nikaona waya wa huduma wa nyumba moja umeshuka na bomba lake limeachana na ukuta, nikajua hii nyumba hata ukibadilisha vioo vyote huwezi kuwasha taa, itabidi ufungue kuta. Nikawaza mama wa nyumba ile anaambiwa arudi, anarudi kwenye nini. Ni mtaa wa watu wa kazi, wengi wanaongea Kispanyola, watu wa kuamka saa kumi alfajiri, wengine wapangaji, wengine nyumba moja familia tatu. Hawakuwa na fataki wao. Walichofanya ni kuishi jirani na mtu mkosefu, halafu waliokuja kuwaokoa na yule mkosefu wakawavunjia nyumba.

Mkuu wa polisi wa wakati ule, Michel Moore, alisimama mbele ya watu Julai hiyohiyo akasema makadirio yalikosewa, akaomba radhi. Namheshimu kwa kusema. Lakini baadaye ripoti ya Inspekta Jenerali wa LAPD, ambaye kule ni mkaguzi wa polisi, sio mkuu wao kama kwetu, ikaonyesha kitu kinachoniuma kuliko zile paundi: kwamba kulikuwa na mtu wa kikosi kilekile aliyeona mzigo ni mkubwa mno akatoa tahadhari, na tahadhari yake haikufanyiwa kazi. Yaani mzee wa kofia ya majani alikuwepo mtaa wa 27! Alikuwepo, akashika pezi, akasema leo hapana, na wenzake wakaendelea.

Hapo ndo nataka mkae kidogo wakubwa zangu, kabla hamjaenda kwenye mambo ya bajeti na mawakili. Kukosea kipimo ni jambo la binadamu, mi mwenyewe nimeshawahi kukosea. Lakini kuna mfumo ambao mtu akisema subiri kazi inasimama, na kuna mfumo ambao mtu akisema subiri anaonekana anachelewesha wakubwa. Sisi wa roketi, watu wa kawaida kabisa, walimu, madereva, wastaafu, wanafunzi, tumejenga ule wa kwanza kwa miaka zaidi ya sitini bila mshahara. Mtu yeyote kwenye uwanja, hata mtoto, akipaza sauti kwamba kuna ndege inapita au kuna mtu anatembea upande wa pili, hesabu inasimama. Hamna anayeuliza cheo chake. Nyie mna mishahara, mna lori la chuma, mna chuo cha mabomu, na mlikuwa na mchana kutwa.

Kwa ndugu zangu wa ATF nina neno la kwenu peke yenu, na linaanzia mbali kidogo.

Mota zetu zinatumia mafuta magumu tunayoyaita APCP, ndani yake kuna chumvi ya amoniamu pakloreti na unga wa alumini, vyote vimeshikwa na mpira. Ndugu yake mkubwa ndo yule aliyekuwa kwenye zile nguzo mbili nyeupe za pembeni za chombo cha Space Shuttle. Ukiyawasha yanaungua, yanaungua kwa nguvu lakini yanaungua, kama mshumaa wenye hasira. Miaka mingi ATF iliyaweka kwenye orodha ya vilipuzi. Mpaka gramu 62.5 mlituachia, ukizidi hapo unaingia kwenye vibali na ghala la kukaguliwa, na baada ya sheria mpya ya vilipuzi ya 2002 mambo yakawa magumu zaidi, alama za vidole, kuchunguzwa historia, na watu wazima waliokuwa wanarusha na watoto wao wakaacha kabisa kwa sababu hawana pa kujenga ghala.

Vyama viwili vya roketi, Tripoli na NAR, wakaenda mahakamani mwaka 2000. Swali lao lilikuwa dogo sana. Mnasema haya mafuta yanaungua haraka kupita kuungua kwa kawaida, sawa, haraka kiasi gani? Mpaka uko wapi, milimita ngapi kwa sekunde, tupeni namba. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ya Washington ikasema idara haijatoa maelezo yanayoeleweka, haijasema ni kasi ipi inayotenganisha kitu kinachoungua na kitu kinachohesabika kuwa kilipuzi, ikarudisha jambo likaangaliwe upya. Tarehe 16 Machi 2009 jaji Reggie Walton akaamua APCP isihesabiwe kuwa kilipuzi, na ikatoka kwenye orodha. Miaka tisa, jamani. Watu wa kuchangishana kwenye viwanja vya jangwani walilipa mawakili miaka tisa kuuliza namba.

Na hapa nisiwe mtu wa upande mmoja. Najua amoniamu pakloreti sio kitu cha kuchezea ikiwa nyingi mahali pamoja. Tarehe 4 Mei 1988 kule Henderson, Nevada, kiwanda cha PEPCON kilichokuwa kinaitengeneza kiliwaka moto kikalipuka, watu wawili walikufa na zaidi ya 370 waliumia. Sasa angalieni tofauti, kiwandani ilikuwa imelundikana kwa maelfu ya tani, ikiwa ghafi, kwenye mota yangu imechanganywa na mpira na uzito wake ni gramu. Kiasi ndo kinachobadilisha jina la kitu. Ndo maana nasema mizani, nasema mizani, kwa sababu bila kipimo serikali inaweza kukosea kote kuwili: inaweza kuogopa kitu kidogo ikamsumbua mwalimu na wanafunzi wake miaka tisa, na inaweza kulichukulia poa rundo la kweli ikalipua mtaa. Na imekosea kote kuwili. Upande mmoja ilikuwa ATF mahakamani haina namba, upande wa pili LAPD mtaani haina namba.

ATF mliposhika kipimo wenyewe mlifanya kazi nzuri, hilo naliandika kwa moyo mweupe. Timu yenu ilikuja mtaa wa 27, ikahesabu, ikapima, ikasema ukweli kwamba ni zaidi ya paundi 42. Lakini afisa wenu mmoja alikuwa pale na akaumia pale. Wenzenu mnaofanya nao kazi kila siku ndo mliokuwa mnawachunguza. Kazi ikitoka safi mara moja hivyo ni kwa uaminifu wa watu waliokuwepo, na siku nyingine watakuwepo watu wengine. Kilipuzi cha serikali kikiumiza raia, uchunguzi uongozwe na mtu ambaye hakuwa na mwenzake hata mmoja kwenye lile eneo. Mafundi wa vilipuzi wapo vyuo vikuu, wapo migodini, wapo kwa wenye kubomoa majengo, waiteni, walipeni, na ripoti yao itoke yote kama ilivyo, kwa Kiingereza na kwa Kispanyola siku hiyohiyo, maana walioumia wengi wanasoma Kispanyola.

Kwa LAPD ninachokiomba hata hakigharimu. Mizani ya kupimia mizigo inauzwa duka lolote la vifaa. Iingie kwenye lori la kikosi cha mabomu na isitoke. Kila kinachoingia kwenye kile chombo cha chuma kiwekwe juu ya mizani kwanza, mmoja asome, wa pili asome, wa tatu aandike, na namba itumwe kwa mkubwa asiyekuwepo pale kabla ya kubonyeza. Ikiwa kitu chenyewe ni hatari hata kukigusa na kukiweka kwenye mizani, basi hicho ndo mnakihesabu kwa makadirio ya juu kabisa, sio ya chini, na mnagawanya mzigo mara tatu mara nne hata kama usiku utawakuta. Na umbali wa kuhamisha watu utoke kwenye ile namba, sio kwenye pua ya mtu. Sisi tunaambiwa futi 500 kwa mota ya M iliyotengenezwa kiwandani na kupimwa na watu wengine kabla yangu, kwenye ziwa kavu lisilo na nyumba. Raia 7 walioumia mtaa wa 27 walikuwa wamekaa kwa umbali gani kutoka kilo 19 za vitu vilivyotengenezwa kwa mkono na mtu asiyejulikana?

Halafu kuwe na amri ya maandishi kwamba fundi yeyote wa kikosi akisema huu mzigo umezidi, kazi inasimama mpaka ajibiwe kwa namba. Asijibiwe kwa cheo. Na mtu huyo alindwe kazini kwake. Yule aliyesema mwaka 2021, popote alipo, nadhani halali vizuri, na sio yeye aliyestahili kukosa usingizi.

Nakuja kwenye neno uwajibikaji, ambalo nyie wenyewe mnalipenda kwenye hotuba. Mwenye fataki alishtakiwa, akakubali kosa, akafungwa miezi 5, na hukumu yake ipo wazi yeyote aisome. Hakuna askari aliyefikishwa mahakamani kwa mlipuko wenyewe. Simwombei mtu yeyote jela, wengi wao waliumia palepale na familia zao ziliogopa kama familia zingine. Ninachotaka ni vipimo vifanane. Mimi nikibeba mota ya herufi M kwenye gari bila leseni ya California, halafu ikamuumiza mtu, sitapewa nafasi ya kusema nilikadiria. Hakimu ataniuliza ulikuwa unajua uzito, na nikisema sikupima, hilo peke yake litanimaliza. Basi na kiongozi wa kazi ya polisi aliyekuwa na fundi pembeni anamwambia umezidi, aulizwe hivyohivyo, hadharani, na adhabu yake itangazwe hadharani kama ilivyotangazwa miezi mitano ya yule jamaa.

Na familia za watu. Mtu akivunjiwa nyumba na serikali asianze kuwa mdai, asishikwe mkono akapelekwa kwa wakili kupigania kioo chake. Jiji lilikiri makosa ndani ya wiki tatu, tangu siku ile fidia ilitakiwa itembee yenyewe, fundi aje apime nyumba, gharama iandikwe, ilipwe. Wekeni mfuko wa dharura kabisa kwenye bajeti ya kila mwaka kwa ajili ya madhara yanayofanywa na vikosi vyenu, ili tukio lijalo mama asikae hotelini na watoto mwaka mzima akisubiri madiwani wapige kura. Shule ipo mtaa wa nyumbani, kazi ipo mtaa wa nyumbani, kanisa lipo mtaa wa nyumbani, na hotelini hamna jiko. Mtu aliyezoea kupika maharage yake asubuhi akaenda nayo kazini anaanza kununua chakula mara tatu kwa siku, hiyo ni hela, na hakuna fomu niliyowahi kuiona ina kisanduku cha maharage.

Sisi wa Dar na Tanga tunayajua haya. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la mabomu la jeshi lililipuka Mbagala, na tarehe 16 Februari 2011 likalipuka la Gongo la Mboto, na kwa yote mawili makumi ya watu walikufa, watoto wakapotezana na wazazi wao wakikimbia. Ukishaishi mji ambao umesikia kitu kama kile, ukiona video ya mtaa wa 27 huangalii moto, unaangalia kona za picha, unatafuta watoto wako upande gani.

Kwa ATF mara ya mwisho, halafu nawaacha. Kila mwaka mnatoa orodha ya vilipuzi. Kila jina kwenye orodha ile liwe na sababu yake iliyoandikwa pembeni, na kipimo chake, kwa namna ambayo mwalimu wa sayansi wa sekondari anaweza kusoma akaelewa kwa nini hiki kimo na kile hakimo. Na mkiwa na nia ya kuongeza kitu kinachotumiwa na watu wa hobi, wa roketi, wa fataki za sherehe, wa bunduki za kale za baruti nyeusi, waiteni mezani kabla ya kuandika, msisubiri mahakama iwaite. Wanajua vitu vingi na wanapenda kusimulia. Mzee wa kofia ya majani ukimuuliza swali moja kuhusu gundi utakaa naye mpaka magharibi.

Na mnakaribishwa. Nasema kwa dhati, kikosi cha mabomu cha LAPD, vijana wenu wapya walioko mafunzoni, waleteni jangwani siku moja tukiwa tunarusha. Waje asubuhi na mapema kabla upepo haujaanza, wasimame kwenye foleni ya ukaguzi kama sisi, waone namba zinavyosomwa mara mbili. Wakae pembeni ya mzee, wamwangalie anavyosema hapana kwa mtu aliyeendesha saa tatu. Kivuli tunacho, chai ya tangawizi nitabeba mimi, na mwanangu atawaazima mizani yetu. Safari hii ana roketi yake mwenyewe, kaijenga tangu Januari, na kwenye daftari kaandika uzito wa kila pezi, nukta kwa nukta, mapezi yote manne.

Wenu,
Fundi umeme wa Tanga, mrusha roketi wa daraja la pili, kusini mwa California